Ditekta ya bustani za mji na viwanja vya mpira: Simplex Ultra, Vanquish 440 au ACE 400?

Mtoto_wa_Ujiji (Dayton, Ohio)

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuanza hii hobi ya kutumia ditekta (mashine ya kunusa metali ardhini) kutafuta sarafu na vito vilivyopotea kwenye bustani za mji na viwanja vya michezo. Huku niliko nawaona wazee kwa vijana kila wikiendi, hedifoni masikioni, wanapekua nyasi mstari kwa mstari.

Bajeti yangu ni dola 350 hivi, na ningependa ibaki chenji ya ile pinpointa ndogo ya mkononi, ya kuonyesha kitu kiko wapi hasa kwenye udongo. Nimechuja zimebaki tatu: Nokta Simplex Ultra, Minelab Vanquish 440 na Garrett ACE 400. Za dukani au zilizotumika, kwangu sawa.

Nitakakopita: uwanja wa soka wa mtaani unaochezewa na ligi za watoto, bustani moja kongwe ya mji yenye miti mikubwa na meza za pikiniki, na mara chache ufukwe wa Ziwa Erie. Hazina za kale sizitafuti. Nataka sarafu, na nikibahatika, pete. Naomba wenye uzoefu, maandishi ya kwenye boksi nimeshayasoma.

Mzee_Kijembe (Columbus, Ohio)

Karibu, kijana. Nimetumia ACE miaka mingi kabla ya kuhamia Simplex, na Vanquish ya mwanangu naishika kila nikiitaka, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa.

ACE 400 tuimalize haraka. Masafa yake, yaani mawimbi inayorusha ardhini, ni kHz 10, inakula betri nne za AA, namba za kwenye kioo zinazokuashiria aina ya kitu zinaanzia 0 hadi 99 na unazizoea upesi: nikeli ya senti 5 inakaa karibu na 52, daimu (senti 10) 82, kota (senti 25) 88. Mashine ya heshima. Lakini kwa pesa hiyohiyo leo wenzake wanakupa zaidi, na boksi lake likilowa imekula kwako. Ningemnunulia mjukuu, tena iliyotumika.

Simplex Ultra ni ya Waturuki. Masafa mamoja, kHz 15, mashine nzima unaweza kuizamisha majini hadi mita 5, na betri ya kuchaji imo ndani. Vanquish 440 ni ya Waaustralia, inarusha masafa kadhaa kwa mpigo na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Ila kinachovumilia maji ni koili, lile duara la chini linalonusa, peke yake. Boksi la juu halitaki mvua.

Sasa umetaja Erie. Watu watakwambia ufukweni lazima masafa mengi. Kwa bahari ni kweli: mchanga uliolowa chumvi unapitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja inalialia bila kitu. Lakini Erie ni maji matamu. Hapo udhaifu wa Simplex hauonekani kabisa, halafu unaweza kuingia nayo hadi kiunoni. Na pete hupotelea majini. Maji yanapoza mikono, vidole vinasinyaa, mtu anarusha mpira, pete inakwenda na mpira.

Kura yangu: Simplex.

Bi_Saada (Reading, Uingereza)

Shikamoo mzee. Hoja ya maji matamu naikubali, ila kijana kasema Erie ni mara chache. Kazi yake kubwa ni bustani kongwe, na bustani kongwe maana yake misumari, vizibo vya soda, foili za chakula na vipande vya makopo yaliyosagwa na mashine ya kukatia nyasi. Hapo masafa mengi yanasaidia: namba inatulia zaidi, na sarafu iliyolala jirani na msumari ina nafasi nzuri ya kusikika. Mimi nina 440 na sijutii. Nyepesi, naizungusha asubuhi nzima bila bega kuuma.

Halafu mnazungumza kana kwamba kila mtu yuko Ohio. Kwa wasomaji wa huku Uingereza: bustani za umma ni mali ya halmashauri, na nyingi haziruhusu ditekta bila kibali cha maandishi. Andika barua pepe kwanza, jibu likichelewa usijipe ruhusa mwenyewe. Eneo la kale linalolindwa ni kosa la jinai kuingia na ditekta bila idhini, hiyo ni sheria ya 1979. Na ukiokota kitu kinachoangukia kwenye Sheria ya Hazina ya 1996 una siku 14 za kuripoti.

Jingine la huku: peni ya 1 na 2 za tangu 1992 ni chuma kilichopakwa shaba, na za 5 na 10 tangu 2012 ni chuma kilichopakwa nikeli. Ukichuja chuma chote, yaani ukiiamuru mashine ikinyamazie, hizo zinakupita au zinakupa namba za ajabu. Si hasara kubwa, ila mtu mpya anadhani mashine imeharibika.

Mzee_Kijembe

Marahaba mwanangu. Kwenye msumari nakubali umenishinda.

Huku Marekani habari ya sarafu ni tofauti. Daimu na kota za hadi 1964 ni fedha asilimia 90, na fedha haiozi: inatoka udongoni inang'aa vilevile. Senti ya 1 ilikuwa shaba asilimia 95 hadi katikati ya 1982, baada ya hapo ikawa zinki iliyopakwa shaba, na zinki udongo unaila. Utazitoa zimetoboka, za kutia huruma. Ndiyo maana ile bustani yako yenye miti mikubwa inanivutia kuliko uwanja wa watoto. Mti mkubwa ni kivuli, na kivuli ndiko watu walikokaa tangu enzi za kota za fedha.

mchimba_Chunya (Chunya, Mbeya)

Nawasoma tu nacheka. Huku ditekta ni ya dhahabu, hakuna anayeinunua atafute chenji.

Nichangie moja kwa sababu nimeulizwa mara nyingi na ndugu walioko nje: Gold Monster 1000, hii tunayoitumia huku, usiibebe bustanini. Inapiga kHz 45, imetengenezwa isikie punje ndogo kabisa. Ukiiingiza penye foili za chokoleti itakulilia kila hatua, na haikupi namba ya kutofautisha kota na kizibo. Hizi za pulse, zinazorusha umeme kwa mapigo, kina GPX, ndio usiseme, zinaenda chini sana, utachimba kaburi kumbe bolti. Kila mashine na machimbo yake.

Swali langu: pete ya dhahabu inasomaje kwenye hizo zenu? Maana dhahabu naijua mimi, na haisomi juu.

Bi_Saada

Umegusa penyewe, kaka. Pete ya dhahabu inasoma chini au katikati, kutegemea ukubwa na karati. Pete nyembamba ya kike inaangukia kwenye foili, ya kiume inaangukia kwenye vile vitanzi vya kufungulia makopo ya soda na bia. Nikeli ya Marekani nayo iko mtaa huohuo. Kwa hiyo anayechuja vitanzi ili asisumbuke, ameshachuja na pete. Hakuna mashine kati ya hizi tatu inayoweza kukwambia hiki kitanzi, hii pete. Hata zile ghali haziwezi, watangaze wanavyotangaza.

440 ina mpangilio unaoitwa wa vito, unaacha namba za chini zipite. Ukiuwasha bustanini jiandae kuchimba takataka.

Mtoto_wa_Ujiji

Kumbe! Mimi nilidhani namba za kwenye kioo zinamaliza kila kitu.

Kuhusu vitanzi, wenyeji wa hapa wameniambia aliyevibuni ni mtu wa hapahapa Dayton. Ni kweli au wananitania?

Mzee_Kijembe

Kweli tupu. Ermal Fraze, hati miliki yake ni ya 1963. Vile vya kwanza vilikuwa vinang'oka, watu wanavitupa chini, mpaka miaka ya 70 vilipokuja hivi vinavyobaki kwenye kopo. Kwa hiyo ukikuta vile virefu vyenye pete na ulimi, usivilaani sana: vinakwambia udongo huo watu waliukalia miaka ya 60 na 70, na fedha inaweza kuwa chini yake kidogo. Mimi nikivikuta vingi napunguza mwendo.

Baharia_wa_Nyali (Mombasa)

Salaam aleikum jamaani. Mimi niko ufukweni, bustani siziwezi, udongo wa huku kiangazi ni jiwe.

Kwa bahari yetu msimpoteze mtu na masafa mamoja. Mchanga mkavu wa juu, sawa, Simplex inakwenda. Ukishuka kwenye mchanga mbichi, kelele. Ninayo Vanquish, imetulia, ila nawaza kila siku wimbi lisije likalowesha boksi. Mwenye pesa aruke zote hizi achukue Equinox, ya Minelab hiyohiyo, ina masafa mengi na unaweza kuizamisha.

Natoka siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yakishakupwa na mchanga umekatwa. Maji mafu, yanapopwa kidogo tu, sihangaiki. Na ikivuma kusi mchanga unahama, palipokuwa na shilingi za simba na ndovu leo, kesho pamefunikwa.

Ila karibu na Ngome ya Yesu na magofu yoyote ya pwani, koili isishuke. Sheria ya Makumbusho ya 2006 inalinda kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na hapo hutaeleza kitu ukaeleweka.

Mkata_Nyasi (Louisville, Kentucky)

Mimi ni mtu wa Uvira, ila maisha yangu huku ni viwanja: nakata nyasi, nachora mistari, natengeneza mabomba ya kumwagilia. Nimesoma yote haya, mashine, mashine, mashine. Nisemeeni na uwanja.

Ndugu wa Ujiji, uwanja wa soka wa watoto ndiyo mahali pa mwisho pa kuanzia kuchimba. Donge la nyasi likikatwa vibaya mwezi wa saba linakauka siku mbili, linabaki doa la njano katikati ya uwanja, na mashine yangu ikipita inaling'oa. Mtoto akitia mguu hapo anavunjika kifundo. Halafu anayepigiwa simu ni mimi. Viwanja vingi havikufungwa kwa ditekta kwa sababu ya sheria kubwa, vilifungwa kwa sababu ya mtu mmoja aliyeacha mashimo.

Sarafu hazidondoki katikati ya uwanja hata hivyo. Tafuta nyuma ya benchi la akiba, pembeni wanapokaa wazazi na viti vyao vya kukunja, njia ya kutoka maegesho, chini ya majukwaa. Mbele ya goli makipa wanajirusha, ndiyo, cheni zinakatika hapo, lakini ndipo nyasi ilipochoka zaidi; pita na mashine, kilicho juujuu chukua, cha chini kiache.

Mahali pazuri kuliko pote kwa mtu mpya ni kiwanja cha mchanga cha voliboli, na pale penye bembea ambapo wameweka vipande vya mbao. Hakuna nyasi ya kuharibu. Unakwangua, unatoa, unasawazisha. Watu wanabinuka kwenye bembea na mifuko inajimwaga.

Ukilazimika kukata nyasi: kata pande tatu tu, upande wa nne uwe bawaba, lifunue donge zima na mizizi yake. Udongo weka juu ya taulo, si juu ya nyasi. Ukimaliza rudisha udongo wote, funika, kanyaga. Fanya wakati udongo una unyevu, mwezi wa nne na wa tano, au wa tisa kwenda wa kumi. Na ukiona bendera ndogo za rangi zimechomekwa chini, hapo pana nyaya au mabomba. Geuka.

Mzee_Kijembe

Huyu ndiye angepaswa kujibu wa kwanza.

Kijana, kabla ya kununua chochote piga simu ofisi ya bustani ya mji wako. Miji mingine ni ruksa, mingine wanataka kibali, mingine hapana kabisa, na mji jirani unaweza kuwa na jibu lake. Shule usiingie bila ruhusa yao. Hifadhi za taifa za Marekani hata kubeba ditekta ambayo haijafungwa ni kosa, achilia mbali kuitumia.

Bi_Saada

Na pinpointa asiiache. Kwa hayo aliyosema kaka Mkata_Nyasi kuhusu mashimo, inasaidia shimo liwe dogo. Bora mashine iliyotumika pamoja na pinpointa kuliko mashine mpya bila pinpointa.

Mtoto_wa_Ujiji

Nimewasikia wote, ahsanteni sana. Nimepiga simu. Kwenye bustani yangu wameniruhusu isipokuwa kwenye maua na kwenye viwanja vyenye ratiba ya mechi. Kwa hiyo soka imejiondoa yenyewe. Kuna Vanquish 440 iliyotumika inauzwa karibu na hapa, bei inaniachia pesa ya pinpointa. Mzee usinune, Erie nitakuja kuazima Simplex yako.

Swali dogo la mwisho: nikipata pete ya shule, zile kubwa zenye jiwe, ni yangu?

Mzee_Kijembe

Sinuni, nitakukodisha.

Pete ya shule ina jina la shule, mwaka, na mara nyingi herufi za mwenyewe kwa ndani. Piga simu shuleni, watamtafuta kwenye kitabu chao cha mwaka huo. Ya ndoa au yoyote ya thamani isiyo na jina, ipeleke polisi wakuandikie, muda ukipita bila mwenyewe kutokea wataeleza inakuwaje kwa sheria za hapo.

mchimba_Chunya

Yaani unapata dhahabu halafu unampigia simu mwenyewe? Nyie watu wa huko mna moyo.