New Brunswick: shule na hospitali za lugha mbili ziendelee kutenganishwa au ziunganishwe?

Wakuu salaam. Nipo Moncton, mji wa jimbo hili la New Brunswick, Kanada, na hapa kila uchaguzi ukikaribia lazima aibuke mtu na hoja ileile, jimbo dogo, hela hamna, kwa nini tuendeshe kila kitu mara mbili, shule za Kiingereza kivyake za Kifaransa kivyake, afya nayo mamlaka mbili, Horizon inayofanya kazi kwa Kiingereza huku, Vitalité ya Kifaransa kule. Kwa wasiolijua, hili ndo jimbo pekee la Kanada ambalo Kiingereza na Kifaransa zote ni lugha rasmi, tangu 1969 enzi za Louis Robichaud akiwa waziri mkuu wa jimbo. Kama theluthi moja ni wa Kifaransa, wengi Waacadia, yaani wazao wa walowezi Wafaransa wa zamani, wa kaskazini na pwani ya mashariki, Caraquet na huko, wakati Saint John na Fredericton ni Kiingereza zaidi.

Mimi nasema zibaki. Hoja ya gharama naona ina unafiki, maana kabla ya 2008 mamlaka za afya zilikuwa 8 zikaunganishwa zikabaki 2, mbona hilo halisemwi? Na zote mbili kisheria lazima zikuhudumie kwa lugha unayotaka, tofauti ni lugha ya kazi huko ndani.

Shule ndo msiguse kabisa. Changanya watoto uone, mapumziko yote yatakuwa Kiingereza hata mwalimu afanyeje, kwa sababu wa Kifaransa wengi wanajua Kiingereza ila wa Kiingereza wanaojua Kifaransa ni wachache mno. Na zimelindwa na katiba tangu 1993, bunge la jimbo kule Fredericton peke yake haliwezi kuzifuta. Ila mabasi ya shule jamani!! Kent County watoto walikuwa wanapanda basi moja, 2015 serikali ikataka watenganishwe. Hapo hata mimi nawaacha.

Karibuni.

— Mleta mada umekwepa ajira. Kijana kazaliwa hapa, kasomea uhudumu wa ambulensi, nafasi ya kudumu anaikosa sababu hajui Kifaransa. Hasira hiyohiyo ndo iliwapa chama cha People's Alliance, wanaopinga sera hizi za lugha mbili, viti 3 bungeni mwaka 2018.

— Mkuu gari lina wahudumu 2, anatakiwa mmoja tu ajue zote mbili. Bibi wa Caraquet pumzi inakata, aanze kutafuta Kiingereza kwanza??

— Hao wa Kiingereza wenyewe, serikali ya jimbo chini ya waziri mkuu Higgs ilipotaka kufuta programu ya kuwafundisha watoto wao kwa Kifaransa walikuja juu mpaka ikarudi nyuma 2023. Sasa mnalalamika hamjui lugha au hamtaki wengine waijue?

— Mnagombea lugha mbili za waliokuja na meli, Wami'kmaq na Wawolastoqey, wenyeji wa asili waliokutwa hapo, lugha zao hazina hata huo urasmi. Mada yenu nusu.

— (mleta mada) Hilo nalikubali mkuu, ila kufuta shule ya Muacadia hakumrudishii Mmi'kmaq lugha yake. Anayetaka kuunganisha aniambie kwanza hiyo shule moja itaendeshwa kwa lugha gani.