Kikundi: Paseli ya Mzee, Kamalondo, Lubumbashi

Da Mado, 18:02
Yambo bote. Mposho (Jumamosi) imebakia siku mbili na hakuna mutu anajibu, narudilia: teatri ya batoto ni saa kumi, Lumumba njo kapiteni ya chombo cha anga, sayari yao inatosha madini yenye kuendesha vyombo vyote vya ulimwengu na kwao wenyewe ni giza. Nataka bidon moja ya lita 20 tukate kofia ya anga, na grupu, mashini ya kuran, juu umeme unakatwa na delestaje.

Da Mado, 18:40
Naona munasoma.

Fiston, 19:15
Iyo sayari njo mugodi wa Shinkolobwe kabisa 😂 uranium mingi ya bomu ya Hiroshima mu 1945 ilitoka kwetu, na leo nashajia telefone kwa jirani

Da Mado, 19:16
Njo vile niliandika. Grupu, Fiston.

Fiston, 19:20
Uliza Ya Nono. Ilienda kwake siku za kilio cha Mama Mukubwa.

Ya Nono, 19:31
Tena? Mi nilirudisha mbele ya bantu! Ni buji, ile plagi ya kuiwashia, njo haikukuwa, na munajua nani aliitosha.

Grâce, 19:33
Lumumba atasafiri na kandili 😂😂

Mama Kabibi, 19:50
Junior amekataa miwani ya Kaku, ati inamuumiza pua. Nimemupasua njia mu nywele upande, akalia.

Da Mado, 19:51
Bila miwani nani atamujua? Na ndevu za kidevuni umupake makala.

Fiston, 20:05
Mi naona mwisho asikufe. Ndege yenye balimuletea mufungwa inatua ku kiwanja cha Luano, mulango unafunguka, chombo kinamunyakua mbele ya baaskari, ametoroka! Kule juu atauza bia kama zamani Léopoldville 😂

Papa Mzee, 20:47
Batoto yangu. Nimesomewa yote. Mu 1961 nilikuwa na miaka 9, apa apa Kamalondo. Balimuua tarehe 17 Januari, shiye hatukujua kitu. Tarehe 10 Februari balisema ametoroka. Tarehe 13 balisema banakijiji bamemuua. Baba yangu alifunga radio akakaa, bukari ikapoa mbele yake, hakuna mutu alimwambia kula. Ile neno ya kutoroka, njo balitudanganya nayo. Mumupeleke juu, nakubali. Lakini mu ndege ile balishuka batatu. Maurice Mpolo na Joseph Okito beko wapi mu teatri yenu? Lumumba, Babeleji balitu rudishia jino moja tu ya mwili wake mu 2022. Bale babili, hatukurudishiwa kitu.

Da Mado, 21:30
Tumesikia Papa.

Fiston, 21:52
Natosha kutoroka. Unisamehe Papa.

Grâce, 21:55
Basi chombo kinaishia wapi?

Da Mado, 22:04
Iyo tutaona kesho. Sasa bidon ni tatu, na natafuta batoto babili. Okito alikuwa mukubwa kuliko bote, makamu wa rais wa Seneti, mutafute mwenye kuwa murefu. Mpolo alikuwa waziri wa vijana.

Mama Kabibi, 22:40
Wangu wa miaka 6 anakubali kuwa Mpolo kama atavaa kofia. Amesha lala na bidon kichwani.

Da Mado, 22:41
Okito?

Da Mado, 23:15
Okito jamani?

Ya Nono, 06:10
Grupu iko kwa mulango wangu, mukuye kuitwala. Buji mutanunua.