Msaada: turubai la Mustang ya 66 linapanda nusu linagoma, fundi anasema mota imekufa

MkaziWaSinza
Wakuu habarini za jioni. Tuna Ford Mustang ya mwaka 1966 ya kukunja paa, injini V8 ya inchi za ujazo 289, inapiga kazi ya maharusi hapa mjini, Jumamosi wanatoka kanisani wanakaa juu nyuma pale wanapunga mikono mpaka Daraja la Tanzanite wanapiga picha, ndo biashara yenyewe. Paa ni la turubai, linafunguka kwa swichi, nyuma ya siti kuna mota yenye pampu ya hidroliki na silinda mbili, moja kila upande.

Sasa shida. Kushuka linashuka freshi tu, ila kupanda linanyanyuka mpaka kama usawa wa vichwa vya abiria linasimama hapo, mota inaendelea kulia, ukizidi kubonyeza inanyamaza kabisaa, ukiiacha ipumzike inarudi inalia tena kama hakuna kilichotokea. Upande wa kushoto unachelewa kuliko kulia, na kapeti la nyuma upande huohuo nikilishika vidole vinateleza.

Fundi umeme wangu kaangalia na testa ya taa, taa imewaka, akasema umeme unafika kwa hiyo mota imekufa niagize nzima kutoka Marekani. Ukijumlisha usafiri na ushuru ni hela ndefu. Na hii masika unaijua, wikiendi ijayo kuna watu wameshalipa advansi. Nimwamini?

DogoTabata
Uza chukua Toyota IST mkuu, paa lake halijawahi kugoma hata siku moja 😂😂

MkaziWaSinza
Dogo nitakutafuta

fundi_mabomba
Mkuu usiagize chochote kwanza. Mimi kazi yangu hidroliki za tipa na ekskaveta lakini kanuni ni ileile. Mota iliyokufa hailii. Hiyo yako inalia, halafu inanyamaza, halafu inarudi yenyewe, hicho ni kikata umeme kwenye laini, kinapata moto kwa sababu mota inavuta umeme mwingi kinakata, kikipoa kinajirudisha. Maana yake mota inabeba mzigo mzito kuliko inavyotakiwa au inapewa umeme pungufu, sasa tafuta mzigo uko wapi.

Toa siti ya nyuma, mito yote miwili. Utaona silinda, ile fimbo yake inapanda juu imeshikwa na pini kwenye fremu ya paa. Toa pini ZOTE MBILI, kulia na kushoto, na usije ukabonyeza swichi umetoa upande mmoja tu, fremu itajikunja halafu utalia na fundi bodi. Sasa nyanyua paa kwa mikono, mtu huku mtu kule. Likiwa zito au linakwama sehemu basi shida ni bawaba za fremu, zimeshika kutu au zimepinda, na kwa chumvi ya hapa Dar sishangai. Likipanda laini fremu haina kesi. Hapo paa likiwa limeachiwa bonyeza swichi uangalie fimbo zinavyotoka, zote zitoke sawa na bila kushtuka shtuka. Ikishtuka kuna hewa ndani, ikichelewa moja silinda hiyo ndo mgonjwa. Na angalia shingo ya silinda pale fimbo inapotokea, ukikuta mafuta hapo sili, yaani ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, imeisha, huna haja ya mganga.

Kingine watu hawakijui, sili ya ndani ya pistoni nayo hufa, mafuta yanapita upande wa pili humo humo ndani, nje huoni hata tone lakini paa halina nguvu.

Volti12
Naunga mkono, ila fundi umeme wako namtetea kidogo na kumsema kidogo. Testa ya taa inakula umeme kiduchu sana, itawaka hata waya ukiwa umebakia uzi mmoja. Hiyo mota inavuta ampea nyingi, kwa hiyo pima na multimita HUKU mtu kabonyeza swichi na paa linapanda, siyo likiwa limelala. Washa injini, kwenye betri upate kama 13.5 hadi 14.5, kisha pima kwenye waya wa mota. Ukikuta umepoteza volti mbili tatu njiani kuna sehemu inakula, swichi, relei (ile swichi ya umeme inayopeleka umeme mwingi kwenye mota) au viungio. Halafu pima bodi ya mota na nguzo hasi ya betri, ikizidi nusu volti ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, ni mbovu. Gari la miaka hiyo lililopakwa rangi mara kibao, ethi imefungwa juu ya rangi, nimeona sana.

MamaK_Mbezi
Jamani mbona hakuna anayeuliza ndani kuna mafuta gani?? Sisi mume wangu ana Impala ya zamani na tumepigwa hapo hapo. Magari haya ya zamani mengine pampu ya paa yalitumia oili ya breki, mengine ATF (mafuta ya gia otomatiki), na wengi walioyashika njiani wanajazia chochote kilichopo kwenye shelfu. Ukichanganya umeua sili zote, mpira wa oili ya breki ukikutana na ATF unavimba unakuwa laini kama ubwabwa, halafu fundi anakwambia mota.

Kupima rahisi, chovya kijiti kwenye tangi la pampu udondoshe tone kwenye glasi ya maji. ATF inaelea, ile ya breki ya kawaida ya DOT 3 au DOT 4 inayeyuka kwenye maji. Na kama ni ya breki uwe na matambara, ikigusa rangi ya gari inaibandua, na inanyonya unyevu wa hewa kwa hiyo silinda zinapata kutu kwa ndani.

MkaziWaSinza
Dada MamaK umenipa presha. Kesho naingia kazini na fundi, nitaleta majibu.

mzee_wa_upanga
Vijana msisahau vya bure. Lachi za mbele kwenye fremu ya kioo ziachiwe kabisa kabla ya kubonyeza, na dirisha la nyuma kama ni la plastiki fungua zipu kwanza, turubai likivutana na zipu pampu inahangaika bure.

MkaziWaSinza
MREJESHO. Siti imetoka. Pini zote mbili tumetoa, paa tumenyanyua na dogo mmoja wa gereji halina uzito wowote, linapanda lenyewe karibu. Tukabonyeza swichi, fimbo ya kulia imetoka vizuri, ya kushoto imetoka nusu inatetemeka na shingo yake inachuruzika. Tone la mafuta kwenye glasi limefanya maajabu, nusu imeyeyuka nusu imeelea nyekundu juu 😭 gari tulilinunua hivyohivyo kwa mtu. Umeme: kwenye betri 14, kwenye mota 10 na kitu ikiwa kazini. Ethi ilikuwa juu ya rangi kama alivyosema Volti12, tumekwangua tukafunga upya imepanda juu ya 12 na mlio wa mota umebadilika kabisa. Fundi umeme kakaa kimya.

Swali, nabadili silinda ya kushoto peke yake? Na hizi sili si naweza kuchongesha hapa hapa?

fundi_mabomba
Badili zote mbili. Ya kulia imekula mchanganyiko uleule, na ukiweka mpya upande mmoja paa litapanda upogo. Kuchongesha mimi ningeweza kukwambia njoo nile hela, lakini silinda zile nyembamba nyingi zimebanwa kiwandani, ukizikata kuzifunga tena hazikai. Hozi ndo zifanyie hapa, Gerezani wapo wa kubana hozi, peleka za zamani kama sampuli na uwaambie mafuta utakayotumia, maana mpira wa hozi nao unachagua. Pampu ifunguliwe ioshwe na oring'i zake (zile pete za mpira) zibadilishwe, mafuta machafu yote yatoke, usiongezee juu yake.

MamaK_Mbezi
Na silinda mpya muulize muuzaji sili zake ni za mafuta gani, andika kwa maka penye tangi. Baada ya kujaza panda shusha mara kadhaa bila haraka hewa itoke, kila mara unaangalia tangi, likikauka inavuta hewa unaanza upya.

Volti12
Ile relei na swichi pia pima, bado kuna karibu volti mbili zinapotea kutoka betri. Siyo dharura ila usiziache.

DogoTabata
Sasa Jumamosi inakuwaje boss

MkaziWaSinza
Silinda pea nimeagiza, mota sijaagiza. Jumamosi pini zinabaki nje, swichi nimechomoa waya asije mtu akaibonyeza, paa tunapandisha kwa mikono. Bwana harusi nimeshampigia, mvua ikianza yeye kulia mpambe kushoto, kacheka kakubali.