Beji za majina za karatasi ya mkono: wino unasambaa, tundu linachanika

Katibu_Kamati:
Habari zenu wakuu. Naandaa mkutano wa mazingira wa siku mbili, washiriki 150. Mkutano uliopita nilibaki ukumbini kuokota beji za plastiki. Zilijaa gunia, na kila moja ina jina la mtu, kwa hiyo hazina matumizi tena. Iliniuma. Safari hii nataka beji za karatasi ya mkono, yaani tusage karatasi taka na maji, tutengeneze karatasi mpya wenyewe. Nimejaribu tano. Wino wa printa umesambaa kama doa la mafuta, na moja niliyoivaa kutwa ilichanika kwenye tundu la kamba ikaanguka. Mwenzangu anashauri tuzipige lamineti. Mnasemaje?

Fundi_Wavu:
Katibu, lamineti hapana. Karatasi ikishavikwa plastiki hairudi kwenye ndoo kuwa rojo (karatasi iliyosagwa na maji), wala haiozi. Utajichosha wiki nzima kutengeneza taka ileile.

Wino unasambaa kwa sababu karatasi ya mkono inanyonya. Pika wanga mwepesi sana, upake kwa brashi laini pande zote mbili karatasi ikishakauka, kisha uache ikauke tena. Chora mstari kwenye kipande: ukibaki na kingo safi bila kusambaa, umefaulu. Printa achana nayo, kingo zetu hazijanyooka na nyuzi zinazochomoka hubaki ndani ya mashine. Nembo piga kwa muhuri wa mpira. Majina andikeni kwa mkono, kalamu nene, wino usioyeyuka kwa maji.

Tundu sasa. Nyuzi za karatasi hufupika kila inaporudiwa kutengenezwa, na blenda inazikata zaidi. Mimi nasaga sekunde kumi, nazima, nachota rojo kidogo nalitia kwenye glasi ya maji na kuiinua kwenye mwanga. Nataka nyuzi zielee kama pamba iliyochambuliwa. Nikiona vumbi tu, nimepitiliza. Nikiona vipande vyenye herufi, bado. Halafu naongeza nyuzi za katani, zimekatwa fupi, zimechemshwa na magadi hadi zikalainika, zikasuuzwa vizuri. Hizo ndizo zinazoshika.

Hata hivyo usitoboe karatasi moja. Kunja sentimita mbili za juu kwa nyuma, bandika kwa wanga, toboa hapo penye unene maradufu. Na toboa matundu mawili, moja kila kona. Beji ya tundu moja hugeuka, mtu anatembea siku nzima jina likitazama tumbo lake.

Mwanabustani:
Fundi, tukichanganya mbegu ili watu wakazipande beji zao? Nimeona karatasi za namna hiyo, zinavutia.

Fundi_Wavu:
Inawezekana, dada. Chagua mbegu ndogo, zitie kwenye rojo ukishamaliza kusaga, na ukaushe haraka, la sivyo zinaanza kuchipua ndani ya karatasi. Lakini wageni wakitoka nje ya nchi, mimi nisingeweka. Nchi nyingi zina masharti ya kuingiza mbegu, na mtu anaweza kusimamishwa mpakani kwa sababu ya beji aliyoisahau mkobani.

Tena wekeni sanduku mlangoni siku ya mwisho. Kamba za pamba zifuliwe zitumike tena, beji zirudi ndooni.

Katibu_Kamati:
Asante sana, fundi. Karatasi taka za A4 ningehitaji ngapi?

Fundi_Wavu:
Karatasi moja ya ofisini ya A4, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5. Beji inataka unene wa kama gramu 250 kwa mita ya mraba, yaani kila A4 utakayotengeneza itakula karatasi taka tatu na ushee. A4 moja inatoa beji nne za A6, ila uongeze hizo sentimita mbili za kukunja, kwa hiyo fanya tatu. Beji 160, pamoja na kumi za akiba, ni A4 54. Kusanya karatasi 200, maana nyingine zitaharibika ukijifunza. Risiti za mashine usitie, zina kemikali.

Katibu_Kamati:
Jana nimetoa 12 za kwanza, nimezikausha zikiwa zimebandikwa kwenye kioo cha dirisha. Upande uliogusa kioo umetoka laini. Nimeandika jina langu hapo, nikabandika ukutani, nikarudi nyuma hatua tano. Linasomeka. Leo naloweka zilizobaki.