Kugawa darasa kwa viwango vya kusoma: tunawasaidia au tunawatenga?

Mleta mada: Darasa moja lina wanaosoma hadithi na wasioitambua hata silabi. Wagawanywe makundi au wafundishwe pamoja?

Chaki: Wagawanywe, ila kwa kipindi cha kusoma tu. Kupima ni rahisi: mpe mtoto aya fupi, peke yake. Akiisoma vizuri, panda kwenye hadithi. Akiyumba, shuka kwenye maneno matano. Asipofikisha manne, shuka kwenye herufi. Pale anapokwama ndipo somo lake lianzie. Pratham, shirika la elimu la India, huwapanga hivyo, kwa kiwango na si kwa darasa.

Wino Mweusi: Napinga. Kundi la chini hugeuka kifungo. Mwaka mzima ni ba-be-bi, hadithi wanasikia kwa jirani, na msamiati unazidi kuwapita. Halafu mwalimu akiwa na kundi moja, mengine yanafanya nini? Kelele.

Chaki: Mkuu, huo ni upungufu wa mpango. Dakika 60: 15 za kwanza mwalimu anawasomea wote hadithi moja, ngumu kidogo. Zinazobaki, dakika 15 kwa kila kundi, makundi matatu. Wasio na mwalimu wasome wawiliwawili matini wanayoimudu, yaani makosa yasizidi matano katika maneno 100. Ukiwapa ngumu zaidi, kelele umezitaka mwenyewe. Na pima upya kila baada ya wiki chache, la sivyo kweli ni kifungo.

Nukta: Wote mnasahau kwamba waliokwama pamoja hawakukwama kwa sababu moja. Huyu hawezi kuunganisha "mb" au "ngw", anakisia neno kwa herufi ya kwanza. Yule anatiririka, lakini muulize kilichotokea, kimya. Mmoja anahitaji silabi, mwingine msamiati na maswali. Namna ya kuwatofautisha: msomee wewe matini ileile, kisha umuulize. Akijibu vizuri, uelewa anao, shida ni kusoma maandishi. Asipojibu, hata umfundishe silabi mwaka mzima hutamfikisha. (Na kabla ya yote, macho na masikio yapimwe.)

Wino Mweusi: Hapo nakubali. Lakini watoto 80, mwalimu mmoja?

Chaki: Usigawe ndani ya chumba. Madarasa ya jirani yaweke kipindi cha kusoma wakati uleule, kila mwalimu achukue kiwango kimoja, na kiwango cha chini apewe mwalimu hodari kuliko wote, kikiwa na watoto wachache.

Wino Mweusi: Hilo la mwisho ndilo shule nyingi hufanya kinyume.