Kovu la mkanda wa jeshi usoni: mashangazi wanataka nilifiche harusini, mimi sitaki

Habari za jioni wanajukwaa. Niko Tanga, miaka 31. Mwaka jana mkanda wa jeshi ulinishika usoni upande wa kulia. Ulianza kwa kuwaka moto chini ya ngozi kabla hata kipele hakijatoka, nikadhani jino. Malengelenge yakapanda kutoka kwenye kope hadi ndani ya nywele, yakashuka mpaka ncha ya pua. Daktari alipoiona tu pua akanipeleka kwa mtu wa macho siku ileile. Jicho limepona. Ngozi imebaki na vishimo na weusi, na nyusi ina kipande hakioti tena. Ukinisogelea utaona kovu linakatika katikati kabisa ya paji. Kushoto hakuna hata doa.

Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao. Mashangazi wameshamlipa mpambaji "anifunike vizuri", na mmoja kaniletea krimu kwenye kopo lisilo na lebo. Wanaogopa maneno, kwamba watu wakiona mkanda watasema nina ngoma. Nilipima, sina. Mwenyewe nimeshalizoea, tena nalipenda, maana jicho lingeweza kwenda. Ila nikikataa naonekana nawaaibisha. Nifanyeje bila kugombana na watu wazima?

Mama Pacha: Pole mdogo wangu. Hiyo krimu tupa leo. Nauza vipodozi, makopo ya hivyo nayajua: zebaki au haidrokwinoni, na vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Weusi wa mkanda hufifia taratibu wenyewe, wewe jikinge na jua tu.

Kijana wa Chumbageni: Si upakwe siku moja tu yaishe? Poda inaoshwa.

Mleta uzi: Picha za harusi hazioshwi kaka. Zitatundikwa sebuleni, kila nikienda kwa mdogo wangu nimkute ukutani mtu nisiyemjua?

Mshono Mrefu: Mimi utumbo ulitoboka kwa taifodi. Mshono unaanzia chini ya kifua, unapita pembeni ya kitovu. Naogelea Raskazone bila fulana. Watoto wakiuliza kama nilipigwa kisu nawajibu ndiyo, na daktari. Zamani kila mtu nilimsimulia mwanzo mwisho, siku hizi naangalia kwanza anayeuliza ni nani.

Dada wa Alasiri: Kuna jambo hamjaligusa. Mimi hiyo ngoma ninayo, natumia dawa, na mkanda niliupata pia, mgongoni. Ni kweli kinga ikishuka mkanda huja kirahisi, ndiyo maana hospitali wanakushauri upime. Lakini kirusi chake ni kilekile cha tetekuwanga, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, na wazee wengi wasio na VVU kinawaamkia. Sasa shosti, ukiwajibu "nilipima, sina", umekubaliana nao kwamba mwenye nayo ndiye wa kufichwa. Majibu ya vipimo si kadi ya mchango, usiyatembeze.

Somo Mstaafu: Usiwaendee mashangazi mwenyewe, utaambiwa umeota pembe. Zungumza na bibi harusi kwanza, shughuli ni yake. Halafu somo wenu ndiye apeleke neno. Mpambaji keshalipwa, mtumie: hina mikono yote, wanja, na mtandio urudi nyuma. Nyusi aiache.

Mleta uzi: Mrejesho. Mdogo wangu kacheka, hata hakujua kama mpambaji kalipiwa. Kasema nikija nimefunikwa hanipi keki. Somo anakwenda kwa mashangazi kesho. Dada wa Alasiri, umenichoma, na nimelichukua. Jingine: paji linaniwasha sana usiku likigusa mto. Kuna aliyepewa dawa?

Dada wa Alasiri: Ipo. Ile ni mishipa ya fahamu, si ngozi. Mimi nilipewa amitriptilini, dozi ndogo ya usiku, ila usijinunulie dukani, rudi kliniki wakuone. Na ukiwa hukohuko waliangalie tena jicho.