Msaada wakuu: naweza kufika Ujerumani na droni kama napitia Misri?

Mgogo wa Ilazo:
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa nane, Mungu akijalia, mimi na mama watoto tunakwenda Ujerumani kumtembelea shemeji. Tiketi yenye unafuu inapita Cairo, tukaona bora tukae pale siku tatu tuone mapiramidi, maana mwenzangu anayaota tangu yuko sekondari.

Sasa nina kidroni changu, DJI Mini 3 ya gramu 249. Si cha kazi, sipigi harusi wala mikutano. Jumamosi nakwenda nacho Hombolo, nakirusha juu ya mashamba ya zabibu, jioni naangalia picha na wanangu, basi. Dukani waliniambia "chini ya gramu 250 haina sheria dunia nzima". Nina betri mbili za kawaida na moja ile kubwa inayodumu. Je, nibebe? Betri ziende begi gani? Aliyewahi kusafiri nayo anisaidie. Naomba kuwasilisha.

Kibubu cha Bibi:
Acha nyumbani. Simu yako haipigi picha?

Mgogo wa Ilazo:
Dada yangu, simu haipai.

Fundi wa Majengo:
Mkuu, huyo muuzaji kakuuzia droni na uongo juu yake. Hizo gramu 250 zina maana kwenye baadhi ya nchi tu, na hata huko zinapunguza masharti, haziyafuti.

Wewe umeishika Ujerumani kama ndiyo shida, kumbe shida yako ni Cairo. Misri wana sheria namba 216 ya mwaka 2017. Kuingiza droni, kuwa nayo au kuirusha, vyote vinataka kibali cha Wizara ya Ulinzi, na kifungo kimetajwa humohumo. Soma tena: kuingiza. Hata usipoitoa kwenye begi, ukishapita nayo forodha bila kibali una kesi. Na kibali hicho si kitu cha mtalii wa siku tatu kukipata kwa kuandika barua pepe.

Morocco vilevile, inachukuliwa uwanjani. India walipiga marufuku kuingiza droni kutoka nje tangu Februari 2022. Kwa hiyo unapopanga safari, usiulize nchi unayokwenda peke yake. Uliza kila nchi utakayogongewa muhuri.

Kapelo ya Jua:
Yalinikuta. Nchi siitaji, ila si Misri. Nilishuka na droni kwenye begi la mgongoni, mashine ya ukaguzi ikaiona, nikaitwa pembeni. Hawakunifokea, nisiwasingizie. Wakaichukua, wakanipa karatasi, "utaichukua ukiondoka". Nikashukuru kabisa, nikaona waungwana.

Ndege yangu ya kurudi ilikuwa saa tisa usiku. Nimefika na karatasi yangu, ile ofisi ina kufuli. Naulizia, naambiwa njoo saa mbili asubuhi. Nichague: droni au ndege? Nilipanda ndege. Ile karatasi ninayo mpaka leo, iko kwenye droo pamoja na vyeti vya shule. Kwa hiyo hata ukisikia "wanaitunza tu", uliza wanaifungua ofisi saa ngapi.

Mwanaidi wa Ughaibuni:
Mleta mada, nipo Ujerumani mwaka wa sita na ninarusha, ngoja nikupe ya huku.

Tangu 31 Desemba 2020 nchi za Umoja wa Ulaya zinafuata kanuni moja za shirika lao la usalama wa anga, EASA. Droni ikiwa na kamera, hata iwe na gramu 249, mwenyewe lazima ajisajili. Mgeni kama wewe unajisajili katika nchi ya kwanza ya Umoja utakayorushia, kwako hiyo ni Ujerumani, kwa mamlaka yao inayoitwa Luftfahrt-Bundesamt. Unapewa namba, unaibandika kwenye droni. Namba hiyo inatambulika nchi zote za Umoja, hujisajili upya ukivuka kwenda Ufaransa. Cheti cha nyumbani hakikusaidii hapa.

Mwisho wa kimo ni mita 120, na uwe unaiona kwa macho yako, si kwenye kioo cha simu. Juu ya mkusanyiko wa watu, hapana. Ujerumani wana lao: bima ya dhima, ile inayolipa ukimdhuru mtu au mali yake, ni lazima hata kwa kadroni kadogo, na cheti chake utembee nacho. Halafu nyumba za watu. Kupita na kamera juu ya makazi bila ridhaa ya mwenyewe ni kosa. Mjerumani akiona kitu kinaelea juu ya bustani yake anapiga simu polisi kahawa yake ikiwa bado ya moto. Shemeji yako akikwambia "rusha tu hapa uani", mwambie yeye ana ruhusa ya ua wake, jirani je?

Na kama mna mpango wa kuruka Paris, droni ibaki kwa shemeji. Anga ya Paris imefungwa kwa droni za burudani.

Mzee wa Mizigo:
Betri za akiba zote begi la mkononi. Usiweke hata moja kwenye begi linaloshuka chini, maana likiwaka moto kule hakuna wa kulizima. Kila moja iwe kwenye kimfuko chake au ubandike utepe wa gundi kwenye shaba zake zisigusane na funguo.

Mashirika yanapima kwa wati-saa. Chukua volti zidisha kwa ampea-saa. Betri yako ya kawaida ni 7.38 mara 2.453, inakuja kama 18. Mpaka 100 huombi ruhusa, kati ya 100 na 160 unaomba kwa shirika. Hapo huna tatizo.

Tatizo ni ile kubwa. Ukiivalisha, droni yako inafika karibu gramu 290. Ile 249 uliyoitaja kwenye mada imeshakufa, na Ulaya unahamia kwenye masharti mengine, kuna mafunzo na mtihani wa mtandaoni. Iache.

Kibubu cha Bibi:
Kumbe hata betri ina hesabu. Nimekaa nasoma.

Msafiri wa Kizota:
Nyongeza ndogo, Marekani ni nafuu kidogo kwa burudani: kuna mtihani mfupi wa bure mtandaoni, na chini ya gramu 250 husajili. Lakini ukiweka video kwenye chaneli inayokulipa, si burudani tena.

Fundi wa Majengo:
Mleta mada, swali moja nililimeza tangu jana. Hapo Hombolo unarusha kwa kibali gani?

Mgogo wa Ilazo:
Mkuu, pale ni mashamba tu.

Fundi wa Majengo:
Ni mashamba ya Tanzania. Hata hapa unatakiwa uwe na kibali cha TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na cha Wizara ya Ulinzi. Na wewe uko Dodoma, ndugu yangu! Bunge hapa, Ikulu Chamwino, Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege katikati ya mji. Siku upepo ukikuchukulia hiyo droni, utaomba iangukie kwenye zabibu.

Mzee wa Mizigo:
😂😂 Mada imegeuka.

Mgogo wa Ilazo:
Wakuu, mrejesho. Nimemsomea mwenzangu uzi wote. Nikamwambia tunaweza kubadili tiketi tusipite Cairo, tunaongeza hela kidogo. Akanyamaza, akaniuliza: "Baba Neema, kwa hiyo mapiramidi yanabaki ili droni iende?"

Droni inabaki kabatini. Nimeziacha betri nusu chaji. Jumatatu naanza kufuatilia kibali cha hapa nyumbani. Fundi wa Majengo, nitumie ujumbe pembeni unielekeze nianzie wapi.

Fundi wa Majengo:
Nimekutumia. Jumamosi hii lakini Hombolo nenda na simu.